Mipasuo Ishirini na Mitatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilipewa futi ya kupimia na kuonyeshwa pazia. Fundi Mkuu, mzee wa Lamu aliyehamia Garissa kabla sijazaliwa, alikuwa na tatizo la mafundi wote wa kiume mjini: mwanamke wa heshima hapimwi na mwanamume asiye ndugu yake. Mafundi wengine waliletewa gauni kuukuu la mteja waliige. Wengine waliletewa uzi wenye mafundo, fundo la kwanza bega, la pili kiuno, na uzi ukivutika njiani bibi harusi anavaa gunia. Fundi Mkuu alikuwa amechoka kushonea mafundo. Akaniajiri mimi, Sahra, msichana wa miaka kumi na tisa, nisimame nyuma ya pazia na wateja na kumtajia vipimo kwa sauti.

"Kifua thelathini na nne!" nilisema, nikijiona tayari fundi.

"Futi umeivuta au umeilaza?" akauliza kutoka upande wa pili.

"Nimeivuta."

"Basi umepima woga wake, hukupima kifua. Mwache apumue, halafu upime upya."

Nilipima upya. Ikawa thelathini na sita. Kuanzia hapo nilimheshimu mzee yule kupita kiasi, na niseme ukweli, nilimwogopa pia.

Polepole nilitoka nyuma ya pazia. Nilijifunza kupiga bandi, yaani kushikiza vitambaa kwa mishono mirefu ya mkono kabla ya kupeleka mashine. Nilijifunza kukata bitana, kile kitambaa cha ndani ambacho mteja hakioni lakini ndicho kinachoifanya nguo ikae. Na nilijifunza kufuma. Siku hizi nguo ikipasuka mnaitupa. Sisi tulichomoa nyuzi kutoka kwenye pindo la nguo ileile, tukazipitisha kwa sindano mojamoja juu na chini ya nyuzi zilizobaki, mpaka tundu linafunga. Fundi Mkuu akifuma, hata ukiinua nguo juani hupaoni mahali. Alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: nguo haitoki dukani kwake na tundu.

Baadaye alinituma Griftu muhula mzima kushona sare za shule. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mtu wa maneno machache. "Shona kubwa, Sahra," aliniambia. "Mtoto akienda likizo kwenye ngamia, anarudi amekunywa maziwa mpaka humtambui." Nilishona kubwa. Niliporudi Garissa mikono yangu ilikuwa myepesi, na kichwa changu, nakiri, kilikuwa kimevimba kidogo. Nilidhani hakuna nguo duniani ningeletewa nikashangaa.

Hapo ndipo akaja Idil.

Tulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Idil alikuwa na miaka ishirini, na mama yake aliuza maziwa ya ngamia sokoni, karibu na duka letu. Aliingia nyuma ya pazia, akanikumbatia kama dada, akaninong'oneza: "Abaayo, dada yangu, nataka nguo iliyopasuka."

"Ilete, tutaifuma."

"La. Nataka uipasue wewe."

Nilidhani jua limemwingia kichwani. Akanieleza. Yeye na vijana watatu walikuwa wamepata kanda kutoka Nairobi, muziki wa magitaa unaopigwa kwa kasi na hasira, ule wa panki. Sisi panki tuliijua kuwa ni mtindo wa kunyoa nywele pembeni na kuacha kishungi katikati, basi. Kumbe ni muziki mzima, na wanaoupiga wana mavazi yao. Walikuwa wakipiga kwenye ghala kuukuu la ngozi, baada ya swala ya Alasiri, milango ikiwa imefungwa. Akanipeleka nikaone.

Nitawaambieni nilichokiona, maana mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Vijana waliingia kwa kanzu na kofia, wapole, wakaamkia watu. Wakaenda nyuma ya marobota ya ngozi. Waliporudi sikuwatambua. Jamal, mpiga gitaa, mwana wa jirani yetu tuliyemjua kwa kunyamaza, alikuwa amevaa suruali ya jinzi na juu yake macawis ya baba yake, ile shuka ya kiunoni ya wanaume wa kwetu, ameipasua mapande na kuyaunga tena kwa pini za nepi. Shingoni alining'iniza kengele ya mti, ile ya ngamia, na kila akiruka inagonga. Kofia ilipotoka, panki hiyo! Mwingine alikuwa amekata fulana kutoka kwenye gunia la msaada, maandishi yakiwa kichwa chini. Nilipigwa na butwaa. Hawakuwa wameiga picha ya watu wa mbali. Walikuwa wamechukua vitu vyetu vya kila siku, shuka, gunia, kengele, wakavifanya vitishe na vipendeze kwa pamoja. Miaka yote ile ya kupima na kukata, sikuwahi kuona nguo ikimgeuza mtu namna hiyo.

Idil peke yake aliimba akiwa amejifunika jilbabu la kawaida, mikono imebana mbavuni. Sauti ilikuwa kubwa, lakini nguo ilikuwa ya mtu mwingine.

Na shida yenyewe ilikuwa hii. Mama yake alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. Alimwambia: "Siku ya kuimba nitakuja nikuone kwa macho yangu. Nikiona ngozi yako hata ya ukubwa wa ukucha, muziki umekwisha, na utakwenda kwa habaryar yako Mandera." Habaryar ni mama mdogo, na huyo alikuwa amekwisha mtafutia Idil mchumba. Siku ya kuimba mbele ya watu ilikuwa imepangwa. Idil angeweza kujifunika aimbe kama mgeni ndani ya mwili wake, au avae atakavyo na kupoteza kila kitu.

"Nifunike," aliniambia, "lakini nipasuke."

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Halafu nikakata joho jeusi, refu mpaka chini, mikono mipana, na kilemba chake. Chini yake nikatia bitana nyekundu, nyekundu kali, kutoka shingoni mpaka kifundoni. Kisha nikashika wembe. Nilipasua kitambaa cheusi mara ishirini na tatu, mabegani, mikononi, mgongoni, nikizungusha kila ukingo mshono mdogo ili usiendelee kuchanika, na chini ya kila mpasuo nikaishikiza bitana kwa mkono ili isiteleze. Ukisimama, ni joho jeusi. Ukitembea, linafunguka jekundu. Ngozi haionekani popote. Nikapanga pini kando ya mipasuo, nikalificha kabatini nyuma ya sare za shule. Fundi Mkuu sikumwambia. Angenifukuza, na haki yake.

Siku mbili kabla ya onyesho nilitumwa Modogashe kupeleka sare. Lori la kurudi lilichelewa. Nilifika dukani siku yenyewe, Adhuhuri imekwisha adhiniwa, nikamkuta Idil amesimama mbele ya kabati. Mkononi alishika joho. Zima. Jeusi, laini, lisilo na tundu hata moja.

Fundi Mkuu alikuwa kwenye kiti chake, macho mekundu, anatabasamu.

"Panya, Sahra," aliniambia kwa huruma. "Wamekuharibia kazi ya mteja, nikaona umejaribu kuiokoa kwa mishono na pini. Sikutaka uaibike. Nimefuma siku mbili. Na pini za watu nimezitia kwenye kopo, hakuna iliyopotea."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimvuta Idil pembeni. Fikira iliyonijia ilikuwa ya mwoga, naisema kama ilivyokuwa. "Livae hivihivi," nilimwambia. "Mama yako ataridhika. Umeokoka."

Alinitazama. "Ataridhika na nani, abaayo? Mimi sitakuwa humo ndani."

Nikachukua wembe, nikalitandaza joho mezani, nikainama. Sikuona kitu. Nilipapasa, niliinua kwenye mwanga, niligeuza. Mzee alikuwa amefuma kwa nyuzi za pindo lilelile, na mahali pote palikuwa sawa na pengine. Kupasua ovyo nisingeweza, maana wembe ungekosa pale nilipoishikiza bitana, na bitana ikiteleza, ngozi inaonekana. Mtu mmoja tu katika Garissa nzima alijua mipasuo ilikuwa wapi.

Nikaenda mbele yake. "Fundi, si panya. Ni mimi."

Nilimweleza yote, ghala, magitaa, mama, Mandera. Nilisubiri anyooshe kidole mlangoni. Badala yake akamgeukia Idil.

"Wewe binti. Umetaka nguo yenye matundu kwa sababu ni fasheni?"

"Habana, Fundi," Idil alisema. Kwa Kiswahili alitafuta maneno. "Nguo zima iko nasema uongo. Iko nasema mimi nimetulia. Mimi sijatulia."

Fundi Mkuu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Lete wembe," alisema. "Shika hapo. Siyo hapo, kushoto."

Akafumua kazi yake ya siku mbili mwenyewe. Hakuangalia, alipitisha kidole gumba juu ya kitambaa kama anasoma, akisimama, wembe unaingia, uzi unakatika, wekundu unatoka. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kumi na saba mkono ulisita, nikadhani amechoka. "Huu," alisema, "ulikuwa umefumika vizuri sana." Akaukata.

Idil aliwahi ghalani kwa dakika chache. Mzee alikuja pia, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Mama alisimama upande wa wanawake, garbasaar, mtandio wake mpana, imefungwa kidevuni, uso wake hausomeki.

Magitaa yalipoanza, Idil alinyanyua mikono yote miwili. Joho lilifunguka mahali ishirini na tatu kwa mara moja, na msichana yule akawaka. Sina neno jingine. Aliruka, alizunguka, nyeusi na nyekundu, pini zikimetameta, akiimba kwa Kisomali juu ya ukame na foleni na kuamriwa unyamaze. Nilikuwa nimekata kila kipande cha nguo ile kwa mkono wangu na bado nilimtazama kama mtu ambaye hajawahi kuona kitambaa. Karibu yangu Fundi Mkuu alikuwa akisema "Subhanallah" bila kukoma.

Kimya kilipoingia, mama alimfuata mwanawe mbele ya watu wote. Aliingiza kidole kwenye mpasuo wa begani. Kisha wa pili. Alikwenda mmojammoja mpaka chini, akipiga magoti kwa ule wa mwisho. Idil alikuwa amefumba macho. Mama akainuka, akamtafuta mzee.

"Fundi. Hii nguo naogobesha watu," alisema. "Lakini mwili habana ona."

Kisha akamgeukia binti yake na kusema kwa lugha yetu: "Kelele zenyewe sikuelewa hata moja. Utaimba tena lini? Nataka dada yangu aje kutoka Mandera asikie."

Kazi yangu iliendelea. Nilikaa Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, miaka kadhaa nikifundisha ushonaji chini ya Msimamizi wa Karakana aliyependa ripoti kuliko nguo. Fundi Mkuu alifariki, nikarudi kuliendesha duka. Idil alipata nafasi ya kuhamia ng'ambo, mbali kwenye baridi, na bendi ikatawanyika. Macho yangu yalipoanza kukataa tundu la sindano, nikajua imetosha. Watu huniuliza ni nguo gani ninayojivunia, wakitarajia nitaje gauni la harusi ya mkubwa fulani. Nikiwajibu wanacheka.

Wiki yangu ya mwisho dukani alikuja mama yake Idil, mzee sasa, anatembea kwa kushika ukuta. Alitaka jilbabu la Idi, jeusi, la heshima. Nilimpima nyuma ya pazia. Nilipomaliza alinishika mkono.

"Tia bitana nyekundu," alisema. "Halafu unipasulie mpasuo mmoja. Hapa, ndani ya mkono, kwapani. Asiuone mtu."