Picha za Dismasi wa Tumaini Jipya

Zuhra Mwinshehe alianza kupiga picha zake mwenyewe, zile zisizo za kuuza, mwaka ule ule mumewe alipomvunjia kamera usoni. Ramadhani alimpiga nayo mara mbili. Pigo la kwanza lilipasua lenzi, la pili likang'oa meno mawili ya kushoto. Zuhra alitema damu kwenye beseni la kufulia, akaokota kadi ya kamera sakafuni, akaifunga kwenye pindo la khanga na kutoka. Kutoka mtaa wa Mwanga hadi kwa baba yake Ujiji ni mwendo, na aliutembea wote bila viatu. Baba yake, aliyekuwa mpiga picha za pasipoti, alimpa chumba cha mbele na kumwonyesha kwamba mlango una komeo kwa ndani.

Tangu hapo asubuhi zilikuwa za wateja na alasiri zilikuwa zake. Alipanda bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi, pale boti za wavuvi wa ziwani zinapotia nanga, akapiga alichotaka. Mwingine angepiga maji na milima ya Kongo ng'ambo. Zuhra alipiga watu, na watu wa Kibirizi hawatulii kwa ajili ya picha. Alipiga wachukuzi wakigombea gunia mpaka likapasuka na dagaa kumwagika mchangani. Alipiga wanaume wawili waliovunjana pua kwa makasia kwa sababu ya mahali pa kuegesha boti, kisha, siku hiyo hiyo, wakila sahani moja, pamba zimejaa puani.

Miaka kumi na tano ikampa picha elfu thelathini na moja, zilizolala kwenye diski nne ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski moja ikatoa moshi. Miaka mitatu ikaenda nayo, pamoja na siku za mwisho za baba yake. Ndipo alipomwita Luqman, mtoto wa mdogo wake, fundi wa kompyuta pale Mwanga, akamwambia anataka programu ya kuweka picha zote mahali pamoja, ili akimtafuta mtu ampate.

Luqman alimletea mbili azijaribu. Ya kwanza ilikuwa na akili ya kutisha. Ilitambua nyuso yenyewe, ikazikusanya, ikauliza huyu ni nani na yule ni nani. Ilihitaji bando la kutosha, kwa sababu picha zilipelekwa kutunzwa mbali, lakini Zuhra alikuwa tayari kwa hilo. Alifurahi nayo siku sita. Siku ya saba alifungua laptopu akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakuta programu imemtayarishia zawadi: kumbukumbu ya siku kama ya leo. Ramadhani amevaa kanzu ya harusi. Ramadhani anacheka. Ramadhani amemshika bega, na vidole vimezama kwenye nyama. Picha kumi na nane za ile kadi ya zamani, zimepangwa kwa mwaka, zinapita zenyewe. Alikibamiza kifuniko kwa nguvu hadi kona ya laptopu ikapata ufa, na chai ikamuunguza mapaja.

Akachagua ya pili. Hiyo haikujua uso wa mtu yeyote. Ilikuwa ya bure, ilifanya kazi bila mtandao, na ilijua tu kile ulichoandika chini ya picha. Lebo, Luqman alisema. Ukiandika lebo, kesho ukitafuta neno hilo, picha zote zenye neno hilo zinakuja. Usipoandika, hazipo.

"Ila mama mkubwa, jina kamili na mwaka," alimwambia. "Na usihamishe picha mwenyewe. Zikihama vibaya zote zitachukua tarehe ya siku ya kuhamisha."

Alizihamisha mwenyewe. Hakuwa na subira ya kumngoja fundi hadi Jumamosi. Picha za miaka yote iliyobaki zikawa za Jumatano moja ya mwezi wa tatu. Na majina kamili hakuyaandika, kwa sababu hakuyajua. Kibirizi hakuna anayemuuliza mtu baba yake ni nani. Mtu anaitwa kwa boti yake. Feliksi wa Subira, Faridi wa Nyota. Akigombana na tajiri wake, mwenye boti, leo na kupanda boti nyingine kesho, jina nalo linahama kesho hiyo hiyo, na mwalo mzima unajua kabla ya saa nne. Zuhra aliandika kama watu walivyoitwa. Alichagua picha mia kwa mkupuo, akaandika Tumaini Jipya, akaenda boti inayofuata. Ilimchukua miezi miwili.

Alipomaliza hakuweza kukaa na furaha yake ndani. Alibeba laptopu hadi Kibirizi, kwenye kibanda cha Agnesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, mwenye chanja nyingi za kuanikia dagaa kuliko mtu yeyote pale ufukweni. Watu wakajaa. Zuhra akaandika jina la boti na nyuso zikamiminika, nao wakapiga kelele kujiona. Mmoja aliambiwa kwamba kompyuta ilisita ilipofika kwake, ikadhani ni sangara. Ilipofika Tumaini Jipya akaonekana Dismasi, kijana wa Simbo mwenye mabega mapana, na wote wakacheka, maana Dismasi aliiacha boti hiyo mwaka juzi na sasa alikuwa mchukuzi wa Agnesi.

"Mama Zuhra, hiyo ni ya zamani," Dismasi alisema. "Nibadilishie. Na kama kuna kitufe cha kupunguza tumbo, kibonyeze hapo hapo."

Zuhra aliahidi kumbadilishia. Jioni alikuwa na bi harusi wa kumpiga picha, kesho yake mwingine. Hakumbadilishia.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi asubuhi, boti ya watu wa kusini iliingia Kibirizi ikivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imeng'olewa. Ndani mlikuwa na watu watatu waliokatwa mapanga mikononi na kichwani, na wa nne, kijana aliyeitwa Meshack, alilala kwenye maji mekundu chini ya mbao, shingo imefunguka. Majambazi waliwazingira ziwani, wakataka injini, na Meshack akaing'ang'ania. Waliobaki hawakumjua jambazi yeyote. Walichoweza kusoma ni jina lililopakwa ubavuni mwa boti iliyowavamia: Tumaini Jipya.

Tajiri wa Meshack, Gasper, alifika saa tano kwa gari na wanaume wanane kutoka vijiji vya kusini, wageni wa mwalo ule. Walisimama mbele ya maiti muda mrefu. Kisha wakaanza kuuliza ni nani hupanda Tumaini Jipya, na watu wa Kibirizi, ambao wangewajibu polisi, waliyaona mapanga wakanyamaza. Lakini mtu mmoja alikumbuka kompyuta ya Zuhra, na Zuhra alikuwepo, amekaa kwenye kibanda cha Agnesi, laptopu kwenye mfuko.

Gasper alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo mama. Tumeambiwa ukiandika jina la boti, watu wanatokea."

Alimwitikia marahaba. Agnesi alikuwa ameenda kupima mzigo upande wa pili. Zuhra alilitazama turubai lililomfunika Meshack, na nzi waliotembea kwenye unyayo mmoja uliobaki nje. Aliona uchungu. Na ndani ya uchungu ule, atakuja kukiri baadaye, kulikuwa na kitu kingine kidogo: kazi yake ya miezi miwili ilikuwa imepata maana. Akafungua. Akaandika. Nyuso nne zikatokea, kubwa, wazi, zimepigwa kwa mwanga mzuri wa alasiri. Wanaume wanane wakainua simu zao wakazipiga picha zile picha.

Walikuwa wameshapiga hatua thelathini ndipo alipoelewa kwamba uso wa nne ni wa Dismasi.

Alikimbia. Dismasi alikuwa anashuka kutoka kwenye lori, gunia kichwani, mikono yote miwili juu. Hakuona kasia lililompiga magoti. Gunia lilimwangukia, na kwa muda mfupi likamkinga, kisha wakalivuta. Walimpiga kwa makasia, kwa mawe ya nanga, kwa kamba nene ya katani iliyofungwa fundo. Mmoja alimkanyaga mkono wa kulia akausaga mchangani kwa kisigino, na vidole vikalia kama kuni kavu. Dismasi alisema hakuwa na boti. Alilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, kisha akaacha kusema maneno akawa anamwita mama yake.

Zuhra alimshika Gasper shati. Alimwambia huyu aliacha, aliacha zamani, lebo ni ya kosa. Gasper alimtazama kama mtu asiyeielewa lugha yake.

"Kompyuta ni yako, mama. Umeandika kwa mkono wako. Sasa unataka tuamini nini?"

Akamsukuma. Zuhra alirudi, na kasia lililokuwa likishuka kwa Dismasi likamkuta yeye kwenye mkono, juu ya kiwiko. Alisikia mfupa ukikatika kabla ya kusikia maumivu. Kutoka chini aliona jiwe likiinuliwa na mikono miwili na kushuka, na jicho la kushoto la Dismasi likazimika ndani ya damu.

Aliyewazuia ni Agnesi. Hakupiga kelele na hakuomba. Alipita katikati ya wanaume akiwa na aproni yake yenye magamba ya samaki, akajilaza juu ya Dismasi kwa uzito wake wote, uso kwa uso, akawageuzia mgongo.

"Huyu ni Dismasi wa Agnesi," alisema. "Mimi ndiyo boti yake. Mnataka mtu, anzieni hapa mgongoni."

Wakampiga mara mbili. Mara ya tatu yule mwenye kasia alisita, kwa sababu wanawake wa chanja zote za Kibirizi walikuwa wamefika, na walikuwa na visu vya kupasulia samaki. Hapo ndipo polisi walipofyatua risasi hewani, na kila mtu akakimbia kwake.

Jumamosi wanaume wale wale walimkuta Bariki, uso wa pili katika zile nne, kwenye matete kaskazini mwa mwalo. Injini alikuwa ameifukia mchangani. Bariki alikuwa na hatia, hilo hakuna aliyelipinga. Walimfunga kwa waya wakamchoma akiwa hai, na walipomaliza mmoja wao alilinganisha kilichobaki na picha kwenye simu yake. Wawili wengine walivuka kwenda Kongo.

Zuhra alifungwa mkono kwa plasta ngumu. Luqman alijitolea kuja kurekebisha lebo zote, mwaka kwa mwaka. Alimkatalia, na laptopu ikakaa imefungwa chini ya kitanda.

Dismasi alikuja Ujiji mwezi wa pili baada ya hapo. Alipiga hodi, akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja wa pasipoti. Jicho la kushoto lilikuwa limeshonwa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunja tena. Zuhra alianza kuomba msamaha na Dismasi akauinua ule mkono, akamnyamazisha. Alisema amekuja kujiona.

Zuhra akafungua. Akachambua za Tumaini Jipya; alizomo Dismasi zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Akamwambia atamwandika upya, Dismasi wa Agnesi, au jina la baba yake, lolote atakalo.

"Sitaki jina lingine," Dismasi alisema. "Nitoe. Nisionekane humo hata nikitafutwa na malaika."

Programu iliuliza kwa kila picha: una uhakika? Dismasi hakumwachia Zuhra kujibu. Alibonyeza mwenyewe, kwa kidole kilichonyooka kama kijiti, kwa nguvu iliyoitingisha meza. Picha baada ya picha akafutika: akaenda akiwa amebeba gunia. Akaenda akiwa analala juu ya nyavu, mdomo wazi. Akaenda akiwa na miaka ishirini, macho yote mawili yanacheka. Zuhra alitaka kumwomba abakishe moja, hiyo tu. Alimwachia aifute. Picha ilikuwa yake, lakini uso haukuwa wake.

Walifika kwenye moja wakasimama. Dismasi na Bariki wamekaa ukingoni mwa Tumaini Jipya, miguu ndani ya maji, na Bariki amemzungushia mwenzake mkono shingoni.

Dismasi hakubonyeza. Alisema Bariki ndiye aliyemfundisha kuogelea. Watu wa Simbo ni wa mashamba, alisema, alikuwa akizama hata kwenye maji ya magoti.

"Mama yake anayo picha yake?"

Zuhra alisema hana. Mama huyo, Yunisi, alikuja siku arobaini baada ya kifo, akasimama mlangoni kuomba picha ya mwanawe, na Zuhra hakuweza kuinua laptopu kutoka chini ya kitanda. Alimwambia hana kitu.

Dismasi alitoa kidole kwenye kitufe.

"Basi nikate mimi. Yeye mwache."

Zuhra alivuta mstari kwa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado mzito. Aliusogeza, akaurudisha, akausogeza tena, na kila alipoweka ulikata mahali pabaya, kwa sababu walikaa karibu mno. Mwishowe aliukubali. Dismasi akabonyeza. Bariki akabaki peke yake ukingoni mwa boti, anacheka, na mkono wake umenyooka hadi mwisho wa picha, ambapo unakatika kwenye kifundo.

Chini ya picha palikuwa na neno Tumaini Jipya. Zuhra alilifuta. Akauliza jina la baba wa Bariki, na Dismasi hakulijua. Akaandika Bariki wa Yunisi, akaichapisha kwenye karatasi nzuri, ile ya maharusi, akaitia kwenye bahasha.

Dismasi aliichukua. Alisema mama huyo anakaa njia ya kwenda Simbo, ataipitisha, na kama akifukuzwa ataisukuma chini ya mlango. Kisha akasimama, akauliza zimebaki ngapi. Zilikuwa sitini na tisa. Akakaa tena, akaweka kidole.