Koma ya Mtu wa Ireland

Mama alianza kumwota baba yake mwaka aliovunjika nyonga. Mzungu mrefu anasimama mlangoni kwetu, hapa nyuma ya Gede, kofia mkononi, haingii. Kwetu Wagiriama ndoto kama hiyo haina maana mbili: marehemu anataka koma, kigingi cha mti kinachosimikwa nyumbani ili naye awe na mahali pake. Mjomba wa mama, mdogo wake nyanya, hakukataa. Alitaka jambo moja tu.

"Nipe jina lake na ukoo wake. Nikimwaga tembo la mnazi nimwite nani? Nisije nikaita wa watu wengine."

Jina hatukuwa nalo. Nyanya aliishi na mtu huyo Kilifi, enzi huyo Mzungu alipokuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, lakini hakulitamka jina lake hata siku moja. Mke aliyelelewa vizuri hakumtaja mumewe. Alisema "mwenyewe", na mama alipozaliwa akasema "baba mtoto". Wafanyakazi walimwita Bwana Mashine. Mama akiwa bado anatambaa, yule Mzungu akaondoka kwenda Australia, asirudi. Nyanya akaendelea kumpa heshima ile ile mpaka akaingia nayo kaburini.

Mengine yote alitusimulia. Kwamba akiitwa Mwingereza alikasirika. Kwamba zamani za babu zake viazi viliozea ardhini kwao Ireland, watu wakafa njaa, waliobaki wakapanda meli; na hata kaka zake yeye waliishia Amerika. Nilikua na hadithi hiyo. Nimefanya kazi Malindi, Mtwapa, Lamu, Voi, na popote sikudumu. "Damu ya watu wa meli hiyo," mama alikuwa akisema, nami nilipenda kuambiwa hivyo. Ilikuwa afadhali kuliko kuitwa mtu wa miaka arubaini na ushee asiye na nyumba.

Mwaka jana nilimpata bibi mmoja wa Kiairishi anayekuja Watamu kila kwao kukiwa na baridi. Anakijua Kiswahili. Alinikaribisha chai.

"Babu yako aliitwa nani?"

"Bwana Mashine."

Akacheka, kisha akaniona uso, akauliza jingine. "Alitoka upande gani?"

"Kule kwenye viazi."

"Mwanangu," akasema, "kote kulikuwa na viazi."

Yeye ndiye aliyenisaidia kupeleka mate yangu yakapimwe DNA ng'ambo. Majibu yalirudi na majina mengi ya watu wa Amerika, Kanada na Australia, wote jamaa wa mbali mno. Niliwaandikia. Wachache walijibu, kwa upole, kwamba hawajui. Mmoja aliuliza inawezekanaje watu waishi na mtu wasijue jina lake. Nilianza kumweleza habari za nyanya, nikafuta.

Mama alizidi kudhoofika. Mwezi uliopita alimshika mjomba wake mkono. "Mjomba, tusimamishe tu. Mimi sina muda."

"Haya. Mimi nitaita. Nani ataitika, sijui."

Tukasimika kigingi kando ya nyumba, mama kwenye kiti cha plastiki. Mjomba akamwaga mnazi, akakohoa. "Wewe Mzungu. Bwana Mashine. Baba wa huyu mtoto wetu. Pahali pako ni hapa." Wajukuu wa mama wakaangua kicheko kwa hilo la Bwana Mashine, mama akawainulia mkongojo. Mjomba akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, kisha akaomba maji anawe.

Asubuhi nilimpelekea mama uji.

"Umelalaje?"

"Alikuja tena."

"Aliingia?"

"Hapana. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea nyumba." Akageukia ukuta. "We endelea kumtafuta, baba. Wewe una miguu."

Nikamwambia nitaendelea. Sikuwa na pa kwenda kuuliza tena.