Spana Dirishani

Baba yangu alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minane, na nyumba yake ilivuja. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo watu walivyotutania, wakacheka, kisha wakaenda kulala kwenye nyumba zao kavu. Sisi tulibaki na ndoo. Mtaani walimwita Kesho, kwa sababu ukimweleza habari za koki yako alikuitikia vizuri, akakuuliza hali ya watoto, halafu akasema, "Kesho." Kwa wateja hiyo kesho ilifika kweli. Kwetu haikufika.

Mwaka mmoja baada ya kumzika tulikaa sebuleni kwa mama, Jumamosi mchana, kumkumbuka. Alikuwapo baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu. Alikuwapo shangazi, dada yao. Na alikuwapo seremala, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye walifanya naye kazi kwenye majengo yale yale mpaka Ijumaa ile baba alipoanguka kando ya tangi la maji la mteja na asiamke tena. Mimi, binti mkubwa, nilikuja na jambo langu. Nilitaka kumchukua mama akakae kwangu. Nilikuwa nimeshaondoa cherehani na maboksi kwenye chumba cha nyuma, nimeingiza kitanda, nimetundika pazia. Nilipanga kulisema mbele ya watu, maana mama ukimwambia jambo mkiwa wawili anakubali kila kitu na hafanyi hata kimoja.

Lakini ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, mtu anaita kutoka bafuni.

"Mwanangu! Huu mlango unafunguliwaje?"

"Unyanyue kwanza, shangazi, ndiyo uvute!"

"Na hii ya choo je?"

"Bonyeza, usiachie! Hesabu mpaka tano!"

Mlango huo, kwa taarifa yenu, aliutengeneza huyo huyo seremala aliyekuwa amekaa sebuleni ananyoosha miguu. Na ndani ya bafu koki ya ukutani ilikuwa inadondoka kwenye ndoo. Tone, kimya, tone. Mwaka mzima. Nilishamwambia mama aite fundi mara nisizoweza kuhesabu. Alisema sawa.

Huku sebuleni sifa zilikuwa zinamiminika. Baba mdogo alisema kaka yake hakuwahi kuinua sauti. Mimi nilimsikia akimfokea mtu barabarani, mtu asiyemjua, kwa kosa la kubeba bomba begani bila kuziba ncha zake. Shangazi akasema alikuwa mtu wa mpangilio tangu utotoni. Mpangilio! Tulikuwa tukikuta vipande vya mabomba chini ya vitanda vyetu. Ukifa huna baya, hilo nalijua, lakini nilikaa na mtu huyu meza moja miaka yote ya utoto wangu, na sasa nilikuwa nashangaa wanamzungumzia nani.

"Na kusahau je?" seremala akasema, na wote wakaanza kucheka kabla hajafika popote. "Huyu bwana hakukosa kusahau chombo. Tunafika kazini, anafungua begi, spana haipo. Namuuliza, iko wapi? Anasema, nyumbani. Basi anaazima yangu, anaiharibu, ananirudishia kwa heshima zote."

"Ilikuwa inabaki dirishani jikoni," nikasema. "Nani asiyejua? Mimi ndiye niliyekuwa naikimbiza kazini kwake."

Hapo nikaudhika upya kabisa. Nilikuwa na miaka kumi. Nikiiona ile spana dirishani, ile yenye uzi mwekundu kwenye mpini, naichukua, natoka mbio, navuka soko na uwanja wa mpira, nafika jasho linanitiririka. Baba anaitazama, ananitazama mimi. "Nani kakutuma?" Hakuna aliyenituma, nimeona umesahau. "Basi irudishe ulipoitoa." Asante hakuna. Maji ya kunywa hakuna. Narudi njia yote ile na chuma mkononi, na nikifika nyumbani sakafu ya jikoni imejaa maji, mama anayakausha kwa tambara. Niliapa sitaolewa na fundi. Nimeolewa na karani.

"Ila niwaambie kitu," seremala akasema, na sauti yake ikashuka. "Ile Ijumaa ya mwisho alifungua begi, vyombo vyote vimo. Mpaka spana yake ile. Nikamtania, leo umekuwaje? Akacheka tu. Siku ile moja hakusahau kitu."

Shangazi akashika kifua. "Alikuwa anaaga."

"Alikuwa anaaga," baba mdogo akaunga mkono.

Mama alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona wakati wangu ndio huo, kabla mwingine hajaenda bafuni. Nikasema kila kitu: chumba, kitanda, pazia. Nikasema nyumba hii si ya mtu mmoja, tena mwanamke wa umri wake, peke yake na mabomba ambayo hakuna anayejua yanapita wapi. Siku moja litapasuka usiku, atamwita nani?

"Mtoto amesema kweli, wifi," shangazi akasema.

"Tutaona," mama akajibu. Nikaijua hiyo tutaona. Ni ndugu yake kesho.

Baba mdogo akainuka, akaenda jikoni kunawa mikono. Nikamwambia, "Ifungue taratibu, hiyo haitaki nguvu." Alinijibu kuwa yeye alifungua koki kabla sijazaliwa. Kisha tukasikia "Aa!" na kishindo cha maji yanayopiga dari.

Nilimkuta amesimama na kichwa cha koki mkononi, ameloa mpaka miwani. Maji yanaruka, vikombe vinaanguka. Seremala akaja na taulo, akaliweka juu, maji yakamrukia yeye.

"Marehemu angekuwapo..." akaanza.

"Marehemu hayupo!" nikapiga kelele. "Koki kubwa iko wapi? Ya kufungia nyumba nzima?"

Hakuna aliyejua. Huyo ndiye rafiki wa miaka arobaini, huyo ndiye mdogo wake wa tumbo moja. Wanajua alichopenda kula, wanajua alivyocheka, na koki hawaijui! Nikaanza kupekua huku na huku, naburuta mapipa, natamani kulia kwa hasira.

Mama akaingia. Alikunja mikono ya gauni lake, akasema, "Nipisheni," akalisogeza kabati la vyombo kwa nyonga, akainua kigae kimoja kwa ncha ya kijiko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji yakakata.

Kisha akafungua droo ya chini na kutoa foronya iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na koleo, utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, mipira ya koki ya kila ukubwa, na spana. Akachagua, akasafisha, akazungusha utepe kwa kidole gumba mara tano bila kutazama. Dakika kumi hazikufika. Akafungua maji tena, akasubiri, akapitisha kidole chini ya koki. Kikavu.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo, "mtoto alikwambia haitaki nguvu."

Seremala alikuwa ameishika spana, anautazama uzi mwekundu. "Shemeji, hii ndiyo ile aliyokuwa akiisahau."

"Hakuwa akisahau," mama akasema. "Asubuhi akiona kinachovuja, ananiwekea dirishani chombo cha kukifungia, anaondoka. Yeye alikuwa fundi wa nyumba za watu. Ya kwetu nilikuwa naishika mimi, kwa vipande alivyobakiza kazini. Ndiyo maana imekaa kama ilivyokaa."

"Na hamkusema miaka yote hiyo?" nikauliza.

"Mngesema nini nyinyi? Mtaa mzima ungejua kuwa mke wa fundi ndiye anayemfungia koki. Nani angempa kazi tena?"

Nikasimama pale, viatu vimejaa maji. Nilikuwa nahesabu safari zangu za sokoni, moja baada ya nyingine.

"Na mimi nilikuwa naichukua," nikasema.

"Wewe!" Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika sinki. "Nakuona unatoka nayo mbio, nakuita, husikii. Mimi nimeshafungua bomba, nimeliachia mdomo wazi! Baba yako akirudi namwambia, huyu mtoto wako mwema atatuzamisha."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa nimekasirika, na sikujua tena nimkasirikie nani. Nikatafuta cha kushika. Nikakipata.

"Haya, mama. Kumbe vyombo unavyo na kazi unaijua. Hiyo ya bafuni je? Mwaka mzima inadondoka! Nimenunua ndoo mbili! Nipe hiyo spana nikaifunge sasa hivi."

Akaichukua spana mkononi mwa seremala, akaifuta, akairudisha ndani ya foronya.

"Hiyo usiiguse."

"Kwa nini?"

"Ilianza Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi nikamwambia aniachie spana. Akasema, pumzika, hii niachie mimi, kesho Jumamosi nipo nyumbani, nitaifunga mwenyewe." Akalifunga fundo la foronya. "Akaitia spana kwenye begi, akaondoka nayo."

Hakuna aliyesema habari za kuaga tena. Seremala alitoka akasimama uani. Mimi nilikwenda bafuni, nikaunyanyua mlango, nikauvuta. Ndoo ilikuwa imejaa. Nikaimwaga, nikairudisha chini ya koki, nikaisogeza kidogo kushoto ili tone lisipige ukingo. Jioni nilipofika kwangu niliondoa pazia la chumba cha nyuma, nikarudisha cherehani.