Mkono Nilioutoa Langoni

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi na lilikuwa tayari mdomoni. Yule mtu alikuwa amenyoosha kiganja akisema, "Nipe huyo msichana niingie naye, ndugu yangu, mpira unaanza." Nami nikauchukua mkono wa binti yangu wa miaka saba, nikauweka ndani ya mkono wa mtu ambaye nusu saa kabla yake sikuwa namjua kabisa.

"Baba, sitaki," binti yangu alisema.

"Ni lango tu," nikamwambia. "Tunaonana upande wa pili."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikaa mtaa wa Bahati, nami nilikuwa karani wa bohari katika eneo la viwanda. Nyumbani redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, na siku za mpira binti yangu alichora uwanja sakafuni kwa chaki, akapanga vifuniko vya soda, kumi na kimoja huku na kumi na kimoja kule. Mtangazaji akisema mpira uko kwa namba tano, kifuniko cha tano kinasogea. Namba saba ampite beki, kifuniko cha saba kinampita beki. Sijapata kumwona mtu mzima aliyeujua mpira namna hiyo bila kuuona. Msimu mzima wa mvua aliniomba kitu kimoja tu: "Baba, nataka kumwona namba saba kwa macho yangu."

Kwa hiyo siku timu yetu ilipokutana na mahasimu wake nilimchukua, pamoja na mdogo wake wa miaka minne. Mama yao alitusindikiza mpaka mlangoni akiwa bado na unga mikononi.

"Una mikono miwili na watoto wawili," aliniambia. "Si hesabu ngumu."

Tulitembea kwa miguu kushuka Jogoo Road, na mpaka leo nikikumbuka mwendo ule moyo unachangamka. Watu walijaa barabara yote, wengine na matawi ya miti, wengine wamejifunga vitambaa vya rangi za timu kiunoni juu ya suruali za kazini. Mzee mmoja alipuliza pembe ya ng'ombe mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kila tuliposongwa mtu fulani alipaza sauti, "Watoto! Watoto wapite!" na mijitu ya miraba minne ikajibana ukutani tupite. Kijana mmoja wa upande wa pili alinicheka.

"Buda, umeleta nasari nzima ya watoto? Nani atawafuta machozi mkifungwa?"

Binti yangu ndiye aliyemjibu. "Nyinyi namba mbili wenu hana mbio. Leo atalala kwao amechoka."

Watu waliangua kicheko, hata huyo kijana mwenyewe, akamvulia kofia.

Langoni tulikuta foleni ndefu, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumza na mtu aliyekuwa nyuma yetu. Alisema ni mchonga vinyago, karakana yake iko Pumwani, na kwamba ameiacha kazi ya mteja nusu ili asikose mechi hii. Kucha zake zilikuwa na vumbi la mbao. Alikuwa akimuuliza binti yangu maswali ya wachezaji, naye akijibu yote, askari wa lango alipoanza kupiga kelele: "Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja! Sitaki kuona shule hapa!"

Mtoto wa kiume alikuwa mabegani mwangu na wa kike mkononi. Ningeweza kurudi nyumbani. Ningeweza kusimama kando na kumsihi yule askari mpaka foleni ipungue. Lakini ndani ngoma zilikuwa zimeanza, na mchonga vinyago alikuwa amenyoosha kiganja.

Nilipita kwanza. Nilipogeuka kuwangoja, kundi la wapiga ngoma liliingia kwa nguvu, likatusukuma mimi na mtoto upande wa kushoto, mbele kabisa, mpaka kwenye vyuma vya uwanja. Nilijaribu kurudi nikashindwa. Nikanyoosha shingo, nikaita jina lake mara tatu au nne. Kisha kipenga kikapulizwa.

Hapa sitajitetea. Nilijiambia kwamba yuko ndani, kwamba yule mtu ana sura ya wema, kwamba baada ya mechi watu watapungua nimwone. Nikageuza uso nikautazama mpira. Niliutazama kipindi chote cha kwanza. Namba saba alicheza kama mtu asiye na mifupa. Alipofunga, nilimrusha mwanangu hewani nikamdaka, nikamrusha tena, tukacheka pamoja na watu tusiowajua. Ilikuwa furaha kubwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wakati wa mapumziko, watu walipokaa chini, ndipo nilipouona mkono wangu wa kulia hauna kitu. Nikaanza kukimbia.

Niliwakuta palepale langoni. Mchonga vinyago alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, binti yangu yuko mabegani mwake, kofia ya timu imemfunika mpaka kwenye nyusi. Wote wawili walikuwa wameupa uwanja kisogo, wanatazama njia ya kuingilia, wakitumaini nitarudi kwa hapo. Shati la yule mtu lilikuwa limelowa jasho chepechepe. Kwa dakika arobaini na tano alisimama hivyo, mtu aliyeacha kazi yake ili aje kuona mechi.

"Huyu hapa baba!" alisema, akamshusha taratibu kama anashusha kinyago ambacho hakijakauka rangi. "Mzima kabisa. Hakulia hata kidogo. Nilimwambia, wewe tazama mpira, mimi nitamtafuta baba yako. Akakataa. Kasema kama baba ananitafuta lazima na mimi nimtafute." Akapangusa uso, akacheka. "Haya, tuambie basi. Sisi tumesikia kelele tu. Ngapi ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo mwanangu wa kiume alijibu kutoka mabegani mwangu. "Moja bila! Namba saba amefunga! Baba amenirusha juu, mara mbili!"

Mchonga vinyago alinitazama, kisha akatazama chini. Angeweza kuniaibisha palepale. Sijui kama mimi ningeweza kujizuia.

"Ulimwona?" binti yangu akaniuliza.

"Nani?"

"Namba saba."

"Nilimwona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitaka. Nikamwambia kipindi cha pili bado, njoo nikubebe umwone vizuri. Akasema anataka kwenda kwa mama. Akamrudishia mchonga vinyago kofia yake na kumwambia asante mara mbili. Nilipomnyooshea mkono tuvuke barabara, akaushika wa mdogo wake.

Nyumbani hakunisema kwa mama yake. Mimi mwenyewe nilisema. Vifuniko vya soda vilikaa kwenye mkebe mpaka tulipohama.

Amekuwa mwanamke wa kujivunia, mwalimu mkuu, watoto watatu. Siku ya harusi yake aliingia kanisani akiwa ameshika mkono wa mjomba wake. Kila Jumapili hunipigia simu kuniuliza kama nimemeza dawa ya presha, na dawa yenyewe huinunua yeye. Mwaka juzi mtoto wake wa mwisho alilazwa hospitali wiki tatu, nami nikapata habari alipokwisha kurudi nyumbani. Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Sikutaka kukusumbua, baba," alijibu, kwa heshima zote.

Nilimtoa mkononi mwangu ili nisikose mwanzo wa mechi, na nilipoona hayupo nikaendelea kuitazama. Ananiheshimu na kunitunza, lakini tangu siku ile, miaka yote hii, binti yangu hajaniomba msaada hata mara moja.