Aliyesema Ndiyo Pangoni

Godoro alikuwa mtu wa polepole. Si mvivu, msimwonee. Wa polepole tu, kama mafuta yaliyoganda. Akiitwa chakula cha mchana, alifika kikiwa kimeshakuwa cha jioni. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa hata na wazazi wenyewe. Alikaa sakafuni katikati ya karakana, sindano ndefu kama mkono wa mtoto ikiwa mdomoni, pamba imemjaa nyweleni, kwenye nyusi na ndevuni, hata wageni wakamwamkia kwa heshima kubwa wakidhani ni mzee wa karne iliyopita. Akioga alirudi makamo.

Lakini magodoro yake, jamani! Mwizi mmoja aliingia usiku kwa mteja wake kuiba godoro, akasema ngoja kwanza nilijaribu. Asubuhi wenye nyumba wakamkuta anakoroma, wakamwonea huruma, wakamfunika shuka. Alipoamka aliomba chai.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Shule ile haikuwa na kengele, ilikuwa na yeye. Akisema "Kaeni!" kutoka jikoni, wanafunzi walikaa, walimu wakakaa, na mtu aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli yake naye akaanza kutafuta pa kukaa.

Sasa Godoro alikuwa na hadithi moja tu maishani, na aliisimulia penye harusi, penye msiba, na penye foleni ya maji. Kwamba ujanani alimpeleka msichana kwenye uwanja wa mabembea, wakapanda kigari cha Pango la Mazimwi, na mle gizani, mahali ambapo hata pua yako huioni, alijikaza akamuuliza: "Utakubali kuwa mke wangu?" Na yule msichana akajibu ndiyo.

Siku moja alikuwa akiwasimulia wajukuu wake wawili, mkewe yuko pembeni anamenya vitunguu.

"Akasema ndiyo," Godoro alimalizia, macho yamelegea, "kwa kasauti kembamba, kama kifaranga kilichobanwa na mlango."

Kisu kikasimama. "Nani huyo?"

"Wewe, mke wangu."

"Mimi? Mimi nina sauti ya kifaranga?"

Wajukuu wakatazamana. Bibi yao alikuwa amenong'ona tu, lakini mbwa wa jirani alishaingia uvunguni mwa gari.

"Pengine ni aibu za ujana," Godoro akasema.

"Sikiliza, Baba Watoto. Mle pangoni tangu mlango ulipofungwa nilitia vidole masikioni, nikafumba macho, sikutoa mpaka nilipoona jua. Sikusikia swali. Sikujibu kitu. Mimi sijawahi kuulizwa na mtu yeyote duniani."

"Lakini tulioana!"

"Tulioana ndiyo. Niliona tu fundi anakuja nyumbani kunipima gauni. Nikauliza la nani, wakasema la kwako. Dada zangu wote waliulizwa, kila mmoja ana maneno yake aliyoambiwa, wakikutana wanayarudia kama wimbo. Mimi nakaa nakoroga chai."

Godoro alishuka kwenye kiti taratibu, kama godoro linalotoka upepo. "Miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Nilijua wewe ni mtu wa polepole," mkewe akasema, sauti imeshuka mpaka ya kawaida ya watu wengine. "Nikasema, ataniuliza tu."

Godoro akapiga goti palepale, pamba zikaruka. "Basi nakuuliza sasa."

"Hapa? Kwenye maganda ya vitunguu? Simama. Nipeleke kulekule ulikouliza mara ya kwanza. Na usidhani jibu langu liko mfukoni mwako. Wakati ule nilikuwa sikujui. Sasa nakujua."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Godoro kama sindano ya upande usio na uzi. Alikwenda karakanani akashona godoro la mteja kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kisha akagundua amejishona suruali humohumo. Alikuwa na wajukuu, alikuwa na mvi, alikuwa na picha ya harusi ukutani. Ila kukubaliwa ndiko hakukuwa nako. Na mama yule akisema hapana, hakuna mtu aliyewahi kumbadilisha.

Jumapili ikafika. Binti yao, ambaye ni nesi na anaendesha familia kama wodi, akawapanga wote: mumewe ashike usukani wa pikapu, yeye akae mbele, wazee na watoto nyuma juu ya godoro. Godoro alivaa koti lake la harusi. Lilikubali mikono, likakataa tumbo.

Njiani alikuwa anajisemea midomo ikicheza.

"Babu anaongea na nani?" mjukuu wa kike akauliza.

"Anafanya mazoezi," bibi akasema. "Mwacheni. Akianza sasa, tukifika atakuwa amefika katikati ya sentensi."

Uwanja wa mabembea bado ulikuwepo, na Godoro aliposhuka alisimama getini akatabasamu, akaona vyote vilivyokuwa zamani: taa, muziki, msichana mwenye gauni la maua. Kisha akavaa miwani. Farasi wa kuzunguka walikuwa wamebaki wachache, na mmoja alikuwa na kichwa cha mbuzi, kwa sababu kichwa chake kilipovunjika waliitwa maseremala na seremala aliyekuja hakuwahi kuona farasi. Gurudumu kubwa lilikuwa limekwama zamani. Kiti cha chini kilikuwa na kuku na vifaranga vyake, abiria wa kudumu. Na vile vioo vya kumpotosha mtu, vilivyokuwa vikimfanya mwembamba awe pipa, vilikuwa vimechoka na kazi hiyo, sasa vinaonyesha watu kama walivyo. Watu walitoka mle wanalia kuliko zamani.

"Vilikuwa vizuri hivi?" mkwe akauliza kwa adabu.

"Vilikuwa vikubwa," Godoro akasema. "Sijui nani amevifua vikasinyaa."

Mlangoni mwa Pango la Mazimwi, mama mkata tiketi alikuwa anasinzia.

"Linafanya kazi?" binti akamuuliza.

"Linafanya. Mota tu ndiyo ilikufa. Zimwi mwenyewe anasukuma."

Na kweli, pazia likafunguka, akatoka babu mmoja mkavu amejifunika shuka jeupe, viatu vya mpira miguuni, anahema. Kazi yake ilikuwa hivi: anasukuma kigari mpaka gizani, anakiacha, anakimbia mbele kuwatisha abiria, kisha anarudi nyuma kusukuma tena. Abiria wengi walimpa pole.

"Karibuni," Zimwi akasema. "Mama ana presha?"

"Ana mume," nesi akajibu. "Twende."

Wazee wakapanda. Kigari kikalia, mlango ukafungwa, giza likawameza. Safari hii mama alikaa mikono juu ya magoti, masikio wazi, macho wazi, ingawa hakuna alichoona. Nyuma yao pumzi ya Zimwi: hee, hee, hee. Kikafika katikati, kikasimama. Nyayo zikapita pembeni zikienda mbele.

"Haya," mama akasema. "Nasikia."

Godoro akafungua mdomo. Maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima yakaondoka yote kwa pamoja kama ndege waliotupiwa jiwe. Kikabaki kitu kimoja, kile ulimi wake ulichozoea kumwambia kila mtu aliyeingia karakanani.

"Mama, unataka laini au gumu?"

"Nini?"

"Yaani... ukubwa gani..."

"Mimi si mteja wako!" Sauti ile ikagonga kuta, vumbi la miaka likaporomoka, na huko nje kuku wa gurudumu kubwa akataga bila kujiandaa.

"Whuuu," Zimwi akasema gizani mbele yao, kwa kasauti kembamba, kama kifaranga kilichobanwa na mlango.

Godoro akainuka kitini.

"Ni wewe!" Godoro akanguruma. Akarusha mkono, akakamata shuka. "Wewe ndiye uliyesema ndiyo!"

"Lini?"

"Ujanani! Nilimuuliza huyu, ukajibu wewe!"

Zimwi akavuta pumzi, akakaa kwenye reli. "Mzee wangu, utanisamehe, siwezi kukukumbuka. Nimekubali wanaume wengi mno humu ndani. Mji huu kila kijana alikuja kuulizia hapa, kwa sababu ya giza, haya haionekani. Na kila msichana alikuwa ameziba masikio. Sasa kijana anauliza, anangoja, hakuna jibu, anaanza kwikwi. Mimi ni zimwi, sawa, lakini nina moyo. Nikawa nawasaidia. Nusu ya ndoa za mji huu nilizikubali mimi."

"Mungu wangu," mama akasema. "Hata ya diwani?"

"Diwani nilimkubali mara mbili. Wasichana tofauti."

Mama alitaka kukasirika, cheko likamponyoka, akalimeza. "Na huyu wangu? Hebu kumbuka. Kijana wa polepole, ana pamba nyweleni."

Zimwi akafikiri. "Wa pamba! Huyo namkumbuka, alinipigisha chafya. Mama, huyo aliuliza huku anatetemeka mpaka kigari kikatoka kwenye reli. Na hakuuliza kama wengine. Wengine husema, 'Tuoane, basi.' Yeye alisema, 'Utakubali?' kisha akasema, 'Ukikataa pia nitakurudisha nyumbani salama, usiogope.' Nikasema huyu akikosa jibu, mimi naacha kazi."

Gizani mle mama akamgeukia Godoro.

"Hayo ya mwisho hukunisimulia," mama akasema.

"Niliyasahau. Nilikuwa naogopa."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi. Wakati ule ningekukosa wewe nisiyekujua." Akatafuta mkono wake, akaukuta, una harufu ya vitunguu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya jambo haraka, kabla ya kuogopa tena. "Mke wangu. Utakubali kuwa mke wangu? Ukikataa pia nitakurudisha nyumbani salama."

Zimwi, kwa mazoea ya kazi, akafungua mdomo. Mama akanyoosha kiganja, akauziba mdomo wote, shuka na meno.

"Wewe nyamaza. Hujaulizwa."

Maji yalidondoka mahali fulani. Godoro alihesabu mapigo ya moyo wake, akakosea, akaanza upya.

"Ndiyo," mama akasema.

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mmoja, na Godoro hakuwa amewahi kuisikia ikiwa ndogo vile bila mama kuwa mgonjwa. Akataka kusema asante, kikatoka kilio, na Zimwi naye akalia kwenye shuka lake, akawa hana nguvu za kusukuma.

"Mama! Mko salama?" binti akapiga bati kwa nje. "Mmekaa sana! Nani amezirai?"

"Hakuna aliyezirai! Mlete mumeo asukume!"

Mkwe akaingia akipapasa, akafika nyuma ya kigari, akakisukuma mpaka mlango ukafunguka na jua likaingia. Wajukuu walikuwa wamejipanga kuona nani atatoka analia. Walitoka wote wanalia, Zimwi akiwa wa kwanza. Godoro akanyanyua mguu ashuke.

"Unakwenda wapi?" mama akamvuta koti.

"Si umeshajibu?"

"Nimejibu. Nataka kuulizwa tena. Mara hii useme taratibu, nisikie kila neno, nami nina dada wa kwenda kuwasimulia. Mkwe, sukuma, mwanangu."

Mkwe akasukuma. Pazia likafunga. Likafunguka, wakaonekana wazee wameinamiana, likafunga tena. Jua lilipoanza kuzama mama mkata tiketi alikuja na funguo, akagonga bati.

"Jamani, tunafunga!"

"Ngoja kidogo," ile sauti ya jikoni ikajibu kutoka ndani, na mama wa watu akajikuta amekaa chini. "Bado hajamaliza kuniuliza."