Mwimbaji Wangu Kaanguka, Mama Kashika Tasbihi

Jamani, leo nimemwona mwimbaji wangu akianguka jukwaani, na picha ikakatika hapohapo.

Mnajua ninavyopenda bendi za roki za zamani, zile za wanaume wenye nywele zilizotimka, wanja na suruali za kubana. Bendi yangu iko kwenye ziara ya kuaga huko Marekani. Kwao usiku, kwetu Bagamoyo asubuhi, nikawa naangalia mubashara huku namenya mihogo.

Mwimbaji akaruka kutoka juu ya spika.

Hakuinuka.

Nikapekua kila ukurasa, hakuna habari.

Mama, ambaye miaka yote huwaita wanabendi hao "mashetani wako", akatoka chumbani.

"Una nini wewe?"

"Yule mwimbaji ameanguka, mama. Sijui kama mzima."

"Mtu wa umri gani?"

"Sabini na kitu."

"Subhanallah! Rika la marehemu baba yako huyo."

Nilisubiri anisute, wallahi. Badala yake akaketi kando yangu, akachukua tasbihi, akaanza kumwombea.

Tukakaa hivyo, mimi na simu, yeye na tasbihi.

Ndipo bendi ikaandika: yu hai, kavunjika nyonga, ziara imeishia hapo.

Nikalia.

"Si mzima? Unalia nini tena?"

"Hatapanda tena jukwaani, mama."

Akaiweka tasbihi mapajani.

"Basi niwekee wimbo mmoja, nimsikie huyo niliyemwombea."

Yuko hapa anasubiri, na mimi napekua orodha ya nyimbo. Mashabiki wenzangu, semeni upesi: nimwekee upi asije akajutia dua yake?