Gauni la Aliyeninyang'anya Mchumba Nililigawanya kwa Tatu

Nilimshonea gauni la harusi mwanamke aliyeninyang'anya mchumba. Na nililishona ili lisimwingie.

Mimi ni fundi cherehani. Bi harusi ni mtoto wa mama mdogo, tumelala kitanda kimoja utotoni. Yule mwanamume alishajitambulisha kwetu, kwa ajili yangu. Akahamishiwa kazi mji anaoishi huyo binti. Nikaja kusikia tu: harusi ipo, bi harusi si mimi.

Halafu mama mdogo akanipigia simu.

"Mwanangu, mshonee mdogo wako. Ukikataa watasema una wivu."

Wivu? Mimi nilikuwa nawaka moto! Nikajibu, "Hamna shida, mama. Anitumie vipimo."

Vikaja kwa simu, vyote kwa sentimita. Kiuno, themanini na nne.

Nikacheka peke yangu. Kumbe mwenzangu kanenepa hivyo!

Mimi nashona kwa inchi. Kila fundi anajua, sentimita unagawanya kwa mbili nukta tano nne ndiyo unapata inchi.

Mimi nikagawanya kwa tatu.

Kiuno kikawa inchi ishirini na nane. Kifua, nyonga, mabega, vyote nikavibana hivyohivyo. Kitambaa cha akiba kwenye mishono nikakikata chote, asipate pa kuachia likimbana. Akilalamika, nitasema sentimita zilinichanganya.

Siku moja kabla ya harusi nikampelekea mwenyewe. Nilitaka nione kwa macho yangu.

Chumbani walijaa mashangazi. Bi harusi alikuwa amevaa dera pana, ananitazama kwa tabasamu la pembeni.

"Karibu dada. Tuone ufundi wako."

Akavua dera, akaingia ndani ya gauni. Nikashika zipu, moyo unanidunda kwa raha. Nikavuta.

Ikapanda mpaka juu. Tii!

Gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo. Mashangazi wakapiga vigelegele. Mama mdogo akanikumbatia huku analia.

Watu wawili tu hatukufurahi. Mimi na yeye.

Walipotoka akanishika mkono kwa nguvu. "Umefanya nini? Hili lilitakiwa linipwaye!"

"Likupwaye vipi, na vipimo umetuma mwenyewe?"

Akauma meno. "Kila siku mchumba wangu ananisifia mikono yako. Nilitaka akuone fundi mbovu, mbele za watu wote. Nilipima kwa inchi, nikazidisha kwa tatu, nikakuandikia sentimita."

Nikakaa kitandani.

"Mimi niligawanya kwa tatu," nikamwambia. "Nilitaka likupasukie."

Hakuna aliyecheka.

Harusini kila mtu aliuliza fundi ni nani, na yeye ndiye aliyelazimika kunitaja, huku bwana harusi akiitikia kwa kichwa. Nimepata wateja kibao.

Lakini mimi na mdogo wangu, mpaka leo, salamu hakuna.

Ndugu zangu, ukikaa kupanga kisasi, ujue na mwenzako hajalala.